Ukimya Tuliorekodi Sepuka

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha mwisho wa kazi nikiwa na masikio yangu yote mawili. Mwalimu akistaafu hubaki na ulimi, seremala hubaki na mikono, na mtu wa redio ni masikio basi. Siku ya kuniaga, vijana wa chumba cha matangazo walinipa saa ya ukutani. Pendo, mtayarishaji wa vipindi niliyemwachia kiti changu, akasema mbele ya watu, "Maalim, saa hii ni ili usitupigie simu kila mara kutuambia tumechelewa. Na wewe utupe kitu. Utuandikie kazi ilivyokuwa."

Ninaandika basi, kwa ajili yao na wale watakaokuja baada yao. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa havikuwa vingi. Nitaanza na siku ya kwanza, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa ile ya mwisho.

Sikuingia redioni kutafuta kazi. Niliingia kulalamika. Nilikuwa mwalimu wa madrasa hapa Singida mjini, na redio yetu ilikuwa changa, rangi ya ukutani haijakauka. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Kila jioni mtangazaji alisoma muda wa kufuturu kutoka kwenye karatasi iliyoletwa na basi kutoka Dar es Salaam. Sasa jua la Dar es Salaam huzama kabla ya la kwetu. Wenzetu wakiwa wameshakunywa uji, hapa bado linaning'inia juu ya mawe. Watu wa Mandewa, mtaa wa hapa mjini, walikuwa wanafuturu huku jua likiwatazama. Nilikwenda kwa meneja, Mkristo mmoja mpole, nikamweleza kwa ukali kidogo, maana nilikuwa na njaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi kesho njoo usome wewe."

Kesho yake nikaketi mbele ya kipaza sauti kwa mara ya kwanza. Nikasema, "Asalaam alaykum." Kisha nikanyamaza, nikingoja waitikie. Nyuma ya kioo, fundi mitambo alianza kupunga mikono kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama. Akafungua mlango, akaingiza kichwa. "Endelea, Maalim! Wameitikia, ila huwasikii."

Huyo ndiye Mzee Yona, Mnyiramba wa Kiomboi, mzee wa kanisa, na mwalimu wangu wa kazi hii. Kama kuna kitu ninajua, kilitoka kwake. Alinifundisha kuvalisha kipaza sauti soksi ya sufu, kwa sababu upepo wa Singida hauna adabu na huingia kwenye maneno ya mtu bila hodi. Alinifundisha kutoa betri kwenye mashine kila nimalizapo kazi, na kuzitunza mfukoni karibu na mwili wakati wa baridi ya mwezi wa saba. Alinifundisha kukaa chini kuliko mtu ninayemhoji. "Ninyi walimu mmezoea kusimama," alisema. "Mtu akikutazama kwa kuinua shingo, sauti inatoka nyembamba. Kaa chini, sauti yake itashuka tumboni, na ukweli unakaa huko."

Zaidi ya yote alinifundisha ukimya. Ukimaliza kumhoji mtu, alisema, usizime mashine. Waombe watu wote wanyamaze, uiache irekodi mahali penyewe: upepo, mlango, inzi, mtoto wa jirani. Kila mahali pana ukimya wake. Baadaye, unapokata maneno na kuyaunga, unatandika ule ukimya chini yake kama mkeka, na msikilizaji hajui palipokatwa. Nilimuuliza kama angeweza kuutambua ukimya wa kijiji cha Sepuka na wa kijiji cha Mgori bila kuambiwa. Akacheka. "Mimi nautambua hata wa nyumba ya mama mkwe wangu."

Miaka mingi ya mwanzo nilikuwa msomaji wa matangazo ya vifo, ng'ombe waliopotea, na mikutano ya hadhara. Msiidharau kazi hiyo. Watu huacha jembe kusikiliza nani amefariki. Niliwahi kumtangaza marehemu mzee mmoja ambaye asubuhi iliyofuata alikuja redioni mwenyewe, amevaa koti, kuuliza nani amelipia tangazo. Tangu siku hiyo nilikuwa nauliza mara mbili kabla ya kusoma, na kila nilipobonyeza kitufe, moyo ulikuwa ukishtuka kidogo. Haukuacha kushtuka mpaka nastaafu. Sauti ikishatoka, huwezi kujua imeingia nyumba gani. Kijana akiniambia haogopi kipaza sauti, ninamwombea dua.

Mzee Yona aliitwa na Mola wake nikiwa nimeshahamia kwenye makala. Aliniachia vile visikilizio vyake vikubwa vya masikioni, sponji imeshikizwa kwa uzi. Nikavitumia mpaka mwisho.

Sasa nije kwenye makala yangu ya mwisho, ambayo wengi wenu mnaijua kwa kuisikia, lakini hamjui kilichofuata.

Wazo lilikuwa la Pendo. Alikuja na shikamoo yake ya asubuhi, akaketi. "Maalim, nataka tufanye makala ya mabinti ambao baba zao waliwaacha. Si yatima. Hawa baba zao wako hai."

"Watakubali kusema?"

"Wa kwanza ameshakubali. Yuko Mandewa, anashona nguo."

Tukaenda. Binti alikuwa na cherehani barazani mwa duka. Nikakaa kwenye kigoda chini yake, na Pendo akauliza maswali. Baba yake anaishi mtaa uleule. Kila asubuhi anapita mbele ya cherehani. "Ananisalimia," alituambia, huku mguu ukiendelea kukanyaga. "Anasema, 'Fundi, habari za kazi?' Kama mteja. Namjibu nzuri. Siku moja alileta suruali nimpunguze. Nikampima kiuno baba yangu, naye anatazama barabara."

Nilirekodi ukimya wa baraza ile, na usiku wake sikuweza kulala vizuri. Nina mabinti mimi. Nilikuwa nawaza ni wangapi wa namna hii nimewahi kuwafundisha alifu na bee, nikiwaita binti fulani na binti fulani kwa majina ya baba zao, bila kujua wanayasikiaje.

Wa pili alikuwa Zaituni, wa Sepuka.

Alikuwa akiishi na bibi yake, Bibi Mwajuma, mama mzaa baba. Mama yake alifariki yeye Zaituni akiwa mdogo. Baba, Hamisi, aliondoka Zaituni akiwa bado hajaanza shule. Lilikuja trekta kuchukua mizigo ya alizeti, na baba akapanda juu ya magunia. Kabla ya kupanda alimpa mtoto kamba ya mbuzi. "Akaniambia, 'Shika kamba, nakuja.' Nikashika. Trekta likaondoka, nikashika. Mbuzi akawa ananivuta kwenda kula, nami namvuta, maana niliambiwa nishike. Bibi ndiye alikuja kunifungua vidole."

Watu walisema amekwenda machimboni, mbali, upande wa ziwa. Baadaye wakaacha kusema.

Pendo akamwuliza, "Ukimwona leo utamwambia nini?"

Zaituni alifikiri. "Sijui hata kama nitamwamkia."

Ninyi ni watoto wa huku, mnajua uzito wa neno hilo. Kwetu mtoto anaweza kukunyima maji, lakini shikamoo hakunyimi. Bibi yake, aliyekuwa anapepeta mtama pembeni, alisimamisha ungo.

Nikaomba wote wanyamaze, tukarekodi ukimya. Bibi Mwajuma hakuelewa kuwa na yeye ni wote. Aliondoka taratibu kwenda nyuma ya nyumba kulisha kuku, na kwa mbali tukamsikia akiwaita, kuu-kuu-kuu, akivuta ile ya mwisho, kisha kwa hasira, "Wee Diwani! Waache na wenzako wale!"

Pendo akaziba mdomo asicheke. Zaituni akatueleza kwamba Diwani ni jogoo. Kila jogoo wa bibi huitwa Diwani tangu zamani, kwa kuwa anapiga kelele kuliko wote na hatagi.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, Zaituni alisogea kwangu. Alikuwa ameambiwa kuwa nimesomesha dini. "Maalim, nimeposwa. Kijana wa Mandewa, anachomelea vyuma. Sheikh wa hapa anasema walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha, ni baba, hakuna mwingine maadamu yu hai. Lakini kwa kuwa yuko safari ya mbali na hajulikani alipo, kadhi atasimama mahali pake. Ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu. Akiwa mbali kusikofikika, kadhi husimama."

"Na akiwa karibu?"

"Akiwa karibu lazima aulizwe."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi afadhali yuko mbali."

Tuliitengeneza makala kwa makini. Mabinti tuliwapa majina mengine. Sepuka hatukuitaja. Zaituni aliposema ataolewa na kadhi atasimama badala ya baba, tuliyaacha maneno hayo, kwa sababu yalikuwa mazito na hayakumtaja mtu. Chini ya sauti yake nilitandika ukimya wa pale nyumbani, kuku, bibi na Diwani wake, kama nilivyofundishwa. Pendo alisikiliza, akasema, "Hapa mtu anaiona nyumba." Ndivyo ilivyokuwa. Hatukufikiri kwamba yuko mtu ambaye ataiona nyumba hasa.

Makala ilitoka siku ya Jumapili mchana. Jumanne, mlinzi akaniita getini. Alikuwa amesimama mwanamume wa makamo, kofia mkononi, vumbi la alizeti limemganda kwenye nyusi. Alitaka kumwona "yule mzee wa makala". Nikamkaribisha kwenye benchi la wageni, na Pendo akaja.

"Nilikuwa napura alizeti," alisema. "Redio nimetundika ukutani. Nikamsikia mama yangu anafukuza jogoo." Akaizungusha kofia mkononi. "Singida nzima hakuna mwanamke mwingine anayemwita jogoo Diwani. Mama yangu yu hai?"

"Yu hai," nikasema. "Umetoka machimboni?"

"Machimbo gani? Niko Mgori."

"Tangu lini?"

"Machimboni nilikaa msimu mmoja. Nimerudi zamani. Nina mke pale, nina watoto."

Pendo alinitazama. Mgori! Redio yetu inasikika Mgori kama iko chumbani. Miaka yote hiyo nilipokuwa nikisoma vifo na ng'ombe, alikuwa akinisikia. Zaituni na bibi yake walikuwa wakinisikia pia. Walikuwa wanasikiliza sauti moja, saa ileile, kila mmoja upande wake wa mji.

"Mimi sikupanga kukaa," alisema Hamisi. "Mwaka wa kwanza sikuwa na kitu cha kurudi nacho. Wa pili nikaona aibu ya ule wa kwanza. Basi ikawa hivyo." Kisha akainua uso, na sauti ikabadilika. "Lakini nimesikia kadhi anataka kusimama mahali pangu. Kadhi asimame, mimi nikiwa nipo? Na mimi nipeni nafasi niseme upande wangu. Nisikike, halafu ndiyo tuzungumze habari ya ndoa."

Nikamwambia makala ilikuwa ya mabinti, na nafasi ya kujibu iko Sepuka, si hewani. Alivaa kofia yake. "Basi na mimi sina neno la kumpa sheikh wenu." Akaacha namba ya simu kwa mlinzi, akaondoka. Alitufunga kamba, akashika ncha.

Pendo alianza kwa kusema, "Maalim, ni kipindi kizuri sana hiki." Halafu akajishika kichwa. "Astaghfiru, nimesema nini!" Ni Mlutheri, lakini amekaa na mimi muda mrefu. Alitembea mpaka dirishani na kurudi. "Kwani nani anajua yuko Mgori? Mimi na wewe. Tunyamaze. Kadhi anakuja, anafungisha, mambo yanaisha. Binti anaolewa."

Siwaambii kwamba wazo hilo halikunipendeza. Niliondoka nalo, nikaswali alasiri nalo, nikabaki msikitini na tasbihi, na kila punje iliyopita ilikuwa inaniambia kitu tofauti. Nikisema, ndoa ya yule mtoto inaingia mkononi mwa mtu aliyeacha kamba. Nisiposema, nitakaa kwenye mkeka wa nikahi niliyokwisha alikwa, nikijua kuwa safari ya mbali ni saa chache za pikipiki. Nilichosomesha watoto wa watu kwa bakora sasa kilikuwa kinanitazama mimi. Mwisho nikaona jambo hili si langu kulificha wala si langu kulitangaza. Lina mwenyewe.

Tulikwenda Sepuka bila mashine. Bibi Mwajuma alituletea viti, akatazama mikono yangu mitupu, akajua. Nikawaeleza wote wawili, polepole, bila kuongeza.

Bibi alisema neno kwa Kinyaturu ambalo sikulishika, akakaa chini palepale alipokuwa, mkono kifuani. Mwanawe yu hai, na yuko Mgori. Sikujua kama analia kwa la kwanza au la pili.

Zaituni hakulia. "Mwambieni kadhi yuko mbali."

"Yuko Mgori, mwanangu."

"Mgori ni mbali."

"Ukitoka asubuhi, adhuhuri umefika."

"Miaka yote hii, Maalim, Mgori ilikuwa mbali. Leo ndiyo imesogea?"

Nikamwambia tu yale ninayoyajua: kwamba baba ataulizwa, kwamba akikataa bila sababu ya haki, kadhi anayo njia ya kuondoa kizuizi hicho, ila itachukua muda, na kwamba yeye, Zaituni, ndiye wa kusema tufanye nini.

"Muda gani? Mandewa wameshaanza kuuliza. Shangazi yake mchumba wangu alimwuliza bibi sokoni, 'Binti wenu ana baba au hana?' Nikichelewesha, watasema kuna jambo."

"Waniulize mimi," alisema bibi kutoka chini. "Nitawaambia anaye. Tena ninamjua mama yake."

Ndipo Zaituni akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Alitazama ile kona ya ua ambako kulikuwa na kigingi cha mbuzi. "Sitaki kuanza nyumba yangu kwa uongo. Uongo ni wa kwake, abaki nao. Mpigieni simu. Aje siku ya nikahi, ampe baba mdogo Issa uwakili mbele ya sheikh, aondoke. Asiketi na wageni. Aseme, aondoke."

Nilimpigia Hamisi kutoka palepale. Nikamweleza maneno ya binti yake bila kuyalainisha. Akasema, "Nitaangalia."

Kwa Kiswahili chetu, nitaangalia si ndiyo wala si hapana. Ni mlango ambao haujafungwa wala haujafunguliwa, na sisi tulilala mbele ya mlango huo mpaka siku ya ndoa. Kila simu ilipolia mezani pangu, Pendo aliinua macho. Nilijaribu kumpigia tena, haikupatikana. Sheikh, tuliyekwisha mweleza yote, alisema asipofika tutaahirisha na kumfuata Mgori, na akiwa na mgogoro tutaupeleka kwa kadhi. Alisema sawa kabisa. Lakini sheikh hakuwa anaolewa.

Siku ikafika, Ijumaa. Baada ya swala, watu wa Mandewa waliingia Sepuka na matarumbeta ya kukodi, wakaketi kwenye mikeka, wakatulia. Kijana mwenyewe, kanzu mpya, makovu ya cheche mikononi, alikuwa anatazama chini. Issa, mdogo wake Hamisi, alikuwa anatembea kati ya wageni na barabara kama mtu anayeumwa tumbo. Nyuma, pilau ilikuwa tayari, na Diwani wa msimu ule alikuwa ndani yake. Bibi alikuwa ameshamteua mwingine.

Nilikuwa nimeombwa niwe shahidi. Pendo alikuja kama mgeni, na mkoba wake. Nikamwuliza kwa macho. Akaufungua kunionyesha: mashine imo, betri ameziacha nyumbani.

Tulingoja. Mzee mmoja wa Mandewa akauliza kwa sauti ya kutosha kusikika, "Hapa tunasubiri nini, au mambo ya redio?" Wenzake wakacheka kwa adabu. Sheikh akatazama saa yake, akanitazama. Mimi nilikuwa nasikiliza. Ndiyo kazi yangu. Nilikuwa napekua ule ukimya wa Sepuka kipande kwa kipande, upepo, sufuria, watoto, nikitafuta injini ya pikipiki ndani yake, na mara mbili nilidhani nimeipata kumbe ni mashine ya kusaga.

Ya tatu ilikuwa yenyewe.

Hamisi alishuka barabarani, akaja kwa miguu. Alikuwa amenyoa. Issa alimpitisha kando ya nyumba mpaka ua wa nyuma, nasi tukamfuata, mimi na sheikh na shahidi mwenzangu. Bibi Mwajuma alikuwa kwenye mlango wa jiko. Mtoto wake akasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba," kama anavyomwitikia mtu yeyote, na hakutoka mlangoni.

Zaituni alitoka ndani amejifunika, hina mikononi. Alisimama mbele ya baba yake. Hakumwamkia. Sisi wazee tulitazama chini. Hata sheikh alikohoa.

"Nakuuliza kitu kimoja," alisema. "Yule mbuzi alikuwa wa rangi gani?"

Nilielewa alichokuwa anafanya. Alikuwa amekaa miaka yote akiamini kwamba mtu huyu amesahau. Ukisahauliwa unaweza kumsamehe aliyesahau. Ni ugonjwa tu.

Hamisi hakufikiri hata kidogo. "Mwekundu," alisema. "Sikio la kushoto limekatwa. Kamba ilikuwa ya katani, nilikuzungushia mkononi mara mbili isikuponyoke."

Zaituni alifumba macho. "Afadhali ungesahau," alisema.

Hamisi akageuka, si kwa binti bali kwa sheikh, akasema kwa sauti ambayo ilikuwa imeshuka mpaka kule tumboni alikokuwa akikusema Mzee Yona: yeye, baba wa Zaituni, anampa mdogo wake Issa uwakili amwozeshe binti yake kwa kijana wa Mandewa, kwa hiari yake. Sheikh akamtaka arudie. Akarudia. Hakudai kusikika upande wake. Sheikh akamwuliza Zaituni naye kama ameridhia ndoa hii, akasema ameridhia, tukarudi kwenye mikeka, na Issa akaushika mkono wa kijana wa Mandewa. "Nimekuoza Zaituni binti Hamisi." Kijana akajibu mbio mpaka sheikh akamwambia apumue, aseme tena. Vigelegele vikapasuka kutoka ndani.

Nilipoinua kichwa baada ya dua, Hamisi hakuwepo. Nilimwona kwenye njia, anarudi barabarani kwenye pikipiki yake, kofia mkononi. Alikuwa ametimiza neno: aseme, aondoke.

Mlango wa uani ukafunguliwa, na bibi harusi akatoka, akapita kati ya wageni waliokuwa wanasimama kupisha sahani, hina mikononi na shela ikiburuta kwenye vumbi. Alisimama mwisho wa ua, karibu na kile kigingi. Hakumfuata zaidi ya hapo.

"Shikamoo," alisema.

Alisema kwa sauti kubwa. Hamisi alisimama. Hakugeuka kwanza, kisha akageuka. Mdomo wake ulifunguka. Vigelegele vilikuwa vimenyamaza, na hata upepo, Mungu ni shahidi, ulikuwa umetulia. Bibi Mwajuma akapaza sauti kutoka jikoni, "Wee Hamisi! Itikia, mtoto amekuamkia!" Mdomo ulibaki wazi. Akaufunga, akainama kama mtu aliyebebeshwa gunia, akapanda pikipiki. Tulibaki tukiisikiliza mpaka mashine ya kusaga ikaimeza.

Nilimsogelea Zaituni. Hakugeuza uso.

"Maalim, wewe una masikio. Aliitikia?"

Nilikumbuka maneno ya siku yangu ya kwanza, wameitikia ila huwasikii, na yalikuja mpaka kwenye meno. Yangekuwa mazuri kwa binti siku ya ndoa yake. Lakini alikuwa amekataa kuanza nyumba kwa uongo, hata ule wa kumsaidia.

"Sikusikia, mwanangu."

Akatikisa kichwa polepole. "Na kwenye dini, kuitikia salamu ni juu ya nani?"

"Kutoa ni hiari yako. Kuitikia ni wajibu wake."

"Basi," alisema, akakusanya shela yake kutoka kwenye vumbi. "Mimi yangu nimeshaitoa."

Akarudi kwa wageni.